Kiporo si pointi

Juzi kijiweni muuza kahawa wetu alishika chaki akaandika ukutani alichokiita msimamo halisi wa ligi. Timu yake ina viporo vitatu, kwa hiyo akaiongezea pointi tisa, akaipandisha kileleni, akakung'uta mikono. Hakuna aliyebisha. Hata mimi nilimalizia kashata yangu kimya, maana timu yenyewe ni Simba, wana wa mtaa wa Msimbazi, na mimi ni Msimbazi tangu sijaota meno. Ila haya mahesabu nimeyasikia mara nyingi mno, na ya upande wa Jangwani, kwa watani wetu Yanga, ni hayohayo.

Kiporo ni mechi ambayo wenzako wa raundi ile wameshacheza na wewe bado. Kwetu mara nyingi sababu ni michuano ya CAF, shirikisho la soka Afrika: timu inasafiri, ratiba ya ligi inasogezwa. Ligi nzima ikisimama kupisha Taifa Stars hakuna mwenye kiporo, kwa sababu hakuna aliyekula. Na mechi ya marudiano siyo kiporo, jamani.

Neno limetoka jikoni, na aliyelileta uwanjani alijua anachofanya. Kiporo ni chakula kilicholala: wali wa jana unaopashwa asubuhi ukaliwa na chai, au maharage ambayo wengine tunaapa kwamba yakilala ndiyo yananoga. Ni chakula chako, hakuna ubishi. Lakini kila aliyewahi kufunua sufuria alfajiri akakuta povu jembamba juu ya maharage anajua kuwa kuwa nacho na kukila ni mambo mawili. Kiporo huchacha. Panya hukifikia. Shemeji aliyerudi usiku wa manane naye hukifikia.

Kenya utasikia wakisema "mechi ya akiba", na hapo ndipo ninapojivunia neno letu Watanzania. Akiba haiozi, ndivyo tulivyofundishwa. Ukiiita akiba unaanza kuihesabu kama fedha iliyo kibubuni. Muuza kahawa wetu anatamka kiporo huku kichwani mwake anahesabu akiba.

Msimu wa 2018/19 Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ikatolewa na TP Mazembe, na huku nyuma viporo vya ligi vilikuwa vimejaa kabati. Tulivila, na ubingwa tukabeba kwa pointi 93 dhidi ya 86 za Yanga. Mashabiki wenzangu huishia hapo. Wanasahau kwamba msimu uleule Kagera Sugar ilitufunga nje ndani, kwao uwanja wa Kaitaba na kwetu Dar es Salaam. Bingwa yule, katika ubora wake wote, alivuna pointi 93 kwa mechi 38, wastani wa 2.4 na ushee kwa mechi. Kwa hiyo hata viporo vitatu vya bingwa vina thamani ya pointi saba hivi, siyo tisa, tena kabla hujahesabu miguu iliyochoka kwa kucheza kila baada ya siku tatu.

Kichekesho kikubwa kilikuwa 2025. Dabi ya Simba na Yanga ya Machi 8 iliahirishwa, ikaja kuchezwa Juni 25, wakati kila timu imebakiwa na mechi hiyo moja tu: Yanga ina 79, Simba 78. Miezi mitatu na nusu, mitaa miwili ilihesabu pointi zilezile tatu. Ukipita Msimbazi zimeshaliwa, ukipita Jangwani zimeshaliwa, na sufuria ni moja! Nami nilikuwa nimeshajumlisha 81 kwenye kikaratasi, nikakitia kwenye pochi. Yanga wakashinda 2-0, wakamaliza na 82. Kikaratasi bado ninacho.

Kwa hiyo, mzee wangu wa kahawa, sikukatazi kupiga hesabu. Unachokitafuta ukutani pale ni pointi ambazo timu *inaweza* kufikisha, na hizo zina haki ya kuandikwa, ila ziwe na safu yake, kulia kabisa, na alama ya kuuliza ukipenda. Kileleni mwache aliyepo leo, hata kama ni yule tusiyempenda. Na ile safu ya mechi zilizochezwa, ambayo huwa unairuka ili ubakize nafasi ya magoli, irudishe. Chaki nitakuletea mimi.