Kanzidata Huria Ikiuzwa au Ikibadili Leseni: Nini cha Kukagua Kabla ya Kuhama

Tarehe 20 Machi 2024 kampuni inayomiliki kanzidata ya Redis ilitangaza kwamba kuanzia toleo la 7.4 programu hiyo haitatolewa tena kwa BSD, leseni huria, yaani inayomruhusu yeyote kuutumia, kuubadili na kuusambaza msimbo. Siku nane baadaye Linux Foundation ikaitambulisha Valkey, tawi jipya lililochipua kutoka toleo la 7.2.4 ambalo bado lilikuwa huria, likiungwa mkono na Amazon, Google na Oracle, pamoja na wengine. Mei 2025 ikatoka Redis 8, safari hii ikiwa na AGPL, leseni nyingine huria, kama mojawapo ya leseni zake, yaani imerudi kundini. Habari tatu kubwa ndani ya miezi 14, na kila moja ilitosha kumkosesha usingizi msimamizi wa mifumo.

Habari za namna hii hupokewa kwa njia mbili, na zote zina madhara. Wapo wanaoanza kuhama kesho yake bila mpango, na wapo wanaozipuuza mpaka siku viraka vya usalama vinapoacha kuja. Msimamo wetu ni kwamba kanzidata kuuzwa au kubadili leseni si hatari kwa yenyewe. Hatari hupimwa kwa maswali mawili: hakimiliki na jina la programu viko mikononi mwa nani, na je, data yako ikitolewa leo inaweza kusimama kwingine ikiwa kamili? Swali la kwanza hujibiwa kwa kusoma. La pili hujibiwa kwa kazi ya mikono, na ndilo linaloangusha taasisi nyingi.

Tuanze na la kwanza. Leseni huria kama BSD au GPL iliyokwisha kutolewa pamoja na toleo fulani haiondolewi baadaye kwa sababu mmiliki amebadili mawazo. Anachoweza kubadili ni masharti ya matoleo yajayo, tena pale tu anapomiliki hakimiliki yote, au waandishi wa nje wamemruhusu kwa maandishi, au leseni ya awali inaruhusu. Ndiyo maana Valkey ilipata pa kuanzia.

Kanzidata ya MySQL ni mfano mzuri zaidi kwa kuwa umekomaa. Ilianza mwaka 1995 mikononi mwa kampuni ndogo ya Sweden. Mwaka 2008 Sun Microsystems ikainunua kampuni hiyo kwa takriban dola za Marekani bilioni 1. Mwaka uliofuata Oracle ikatangaza kuinunua Sun yenyewe, na baada ya uchunguzi wa Tume ya Ulaya, ununuzi ukakamilika Januari 2010. Hofu ilikuwa kubwa, maana Oracle huuza kanzidata yake ya kulipia. Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wa MySQL, aliuchukua msimbo uliokuwa chini ya GPL akaanzisha MariaDB mwaka 2009. Msimbo alikuwa huru kuuchukua, jina hakuwa huru kulichukua, kwa kuwa alama ya biashara ilibaki kwa mmiliki. Kwa hiyo mabinti wawili wa Widenius, My na Maria, kila mmoja ana kanzidata yenye jina lake.

MySQL haikufa, na bado toleo lake la jamii liko chini ya GPL. Kilichotokea ni cha taratibu zaidi: baadhi ya vipengele, kama kumbukumbu rasmi za ukaguzi na usimamizi wa miunganisho mingi kwa pamoja, vimewekwa kwenye toleo la kulipia, ilhali MariaDB inavyo bila malipo. Taasisi inayosimamiwa na sheria za fedha au afya, inayolazimika kuonyesha nani alisoma rekodi ipi na saa ngapi, huligundua hilo wakati mkaguzi yuko mlangoni.

PostgreSQL, kanzidata nyingine huria, iko kwenye nafasi tofauti kabisa. Mradi ulianza Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986 chini ya Michael Stonebraker, na jina la sasa limetumika tangu 1996. Hakuna kampuni moja inayoumiliki msimbo wake. Mei 2025 Databricks ilitangaza kuinunua Neon, na Juni Snowflake ikatangaza kuinunua Crunchy Data. Kampuni zote mbili zilizonunuliwa zilikuwa zikiuza huduma za PostgreSQL. PostgreSQL yenyewe haikuuzwa, kwa sababu haina mtu wa kuiuza. Aliyekuwa na mkataba na mojawapo ana sababu ya kuusoma upya mkataba wake, ila kanzidata iliyo kwenye seva yake haikuguswa. Kwa mradi mpya unaotarajiwa kuishi miaka 10 au zaidi, sisi tungeanza na PostgreSQL, na sababu hii ya umiliki ndiyo tungeitaja kabla ya kasi au wingi wa vipengele.

Kanzidata ya MongoDB ilifuata njia nyingine. Oktoba 2018 ilihama kutoka AGPL kwenda SSPL, leseni ambayo Open Source Initiative, shirika linaloidhinisha leseni huria, haikuipitisha kuwa huria. Masharti yake yanamlenga anayeichukua programu na kuiuza kwa wengine kama huduma: huyo anatakiwa kuweka wazi msimbo wa huduma yake yote, pamoja na wa kusimamia na kuhifadhi nakala. Hospitali inayoitumia ndani kwa kazi zake haidaiwi chochote kipya. Hata hivyo athari iliifikia kwa mlango wa nyuma. Debian, Fedora na Red Hat, zinazosambaza mfumo wa Linux, ziliiondoa kwenye hazina zao za programu, kwa hiyo seva iliyokuwa ikipokea masasisho kwa amri moja pamoja na programu nyingine zote sasa inahitaji hazina ya pembeni, na mtu wa kukumbuka kuifuatilia. Asipokuwepo wa kukumbuka, kanzidata inabaki ilivyo kwa miaka huku matundu yake ya usalama yakitangazwa hadharani.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili liko karibu kuliko linavyoonekana. Takwimu za afya Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda hupita kwenye DHIS2, mfumo wa kukusanya takwimu, ambao hukaa juu ya PostgreSQL. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa wenye mizizi katika kliniki za Eldoret, hukaa juu ya MySQL au MariaDB. Tovuti nyingi za shule na halmashauri ni WordPress, nazo ni hivyo hivyo.

Hatua ya kwanza ya vitendo ni kujua hasa unachotumia. Usiulize mtu, iulize kanzidata: `SELECT version();`. Tangu Debian 9, ukiomba MySQL ya kawaida ya mfumo unapewa MariaDB. Amri bado inaitwa `mysql`, lakini mbele ya kishale unasoma `MariaDB [(none)]>`. Andika namba nzima ya toleo, kisha ilinganishe na tarehe za ukomo. MySQL 5.7 iliacha kuhudumiwa Oktoba 2023, na ukomo wa 8.0 ni Aprili 2026. PostgreSQL hutoa toleo kuu kila mwaka na kulihudumia miaka 5. La 13 lilifika mwisho Novemba 2025. Toleo lililopitwa na wakati ni tatizo kubwa kuliko habari yoyote ya ununuzi.

Hatua ya pili ni bakapu, na hapa tunaomba msomaji apunguze mwendo. Kwenye seva nyingi utakuta mstari wa aina hii ukijiendesha kila usiku: `mysqldump sacco | gzip > sacco.sql.gz`. `mysqldump` huitoa data ya kanzidata iitwayo `sacco`, na `gzip` huikandamiza iwe faili dogo. Mstari huo unaonekana salama. Nenosiri likibadilishwa, `mysqldump` inashindwa na haitoi kitu, lakini `gzip` inafanya kazi yake vizuri: inaukandamiza utupu, inamaliza bila kosa, na Linux inaripoti kuwa kila kitu ni sawa. Matokeo yake ni faili la baiti 20. Fungua folda ya bakapu sasa hivi, uorodheshe kwa ukubwa. Ukiona mafaili ya baiti 20 yamepangana kwa tarehe, huna bakapu tangu tarehe ya lile la kwanza. Dawa ni kuweka `set -o pipefail` juu ya hati ya bash, ili kosa la `mysqldump` lisifichwe na `gzip`, pamoja na kupima ukubwa wa faili na kutuma onyo likiwa dogo kuliko la jana kwa zaidi ya kiasi ulichokipanga.

Faili kubwa nalo linaweza kuwa pungufu. Diski ikijaa katikati, unabaki na nusu. Soma mstari wa mwisho kwa `zcat sacco.sql.gz | tail -n 5`. Faili la `mysqldump` lililokamilika, kama hukuzima maelezo, huishia na `-- Dump completed on` na tarehe. Faili la maandishi la `pg_dump`, amri ya PostgreSQL ya kazi hiyo hiyo, hufunga kwa `-- PostgreSQL database dump complete`. Maneno hayo yasipokuwepo, faili lilikatika njiani.

Kwa MySQL na MariaDB ongeza `--single-transaction --routines --events`. Kigezo cha kwanza hukupa picha ya wakati mmoja bila kufunga majedwali, lakini kwa majedwali yanayotumia injini ya kuhifadhi data iitwayo InnoDB tu. Mfumo wa zamani wenye majedwali ya injini ya MyISAM hupata picha iliyochanganyika: muamala umeingia kwenye jedwali moja, haumo kwenye la pili. Kagua safu ya `engine` katika `information_schema.tables` kabla ya kuamini. Ukisahau vigezo viwili vinavyofuata, taratibu zilizohifadhiwa ndani ya kanzidata na kazi zinazojiendesha kwa saa hazitokuwemo, na hutapata onyo lolote. Kwa upande wa PostgreSQL, `pg_dump` haibebi watumiaji na ruhusa za ngazi ya seva. Hizo zinatolewa kwa `pg_dumpall --globals-only`.

Umuhimu wa haya ulionekana GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu mtandaoni, tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi aliyekuwa akitengeneza seva ya akiba alifuta folda ya data kwenye seva kuu kwa makosa. Kati ya takriban GB 300 zikabaki GB 4.5. Walipoendea bakapu za `pg_dump` wakakuta hazipo, kwa kuwa programu iliyotumika ilikuwa ya toleo la 9.2 na seva ilikuwa 9.6, hivyo kazi ilikuwa ikishindwa. Barua pepe za kuonya zilitumwa, ila zilikataliwa na seva ya upokeaji. Walichookolea ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla ya ajali. GitLab waliyaeleza haya hadharani kwa kina, na tunawashukuru kwa hilo.

Hatua ya tatu ni kurejesha, kwenye mashine nyingine isiyogusana na ile ya kazi. Ukihama kutoka MySQL 8 kwenda MariaDB usijaribu kunakili folda ya data; miundo yao imeachana. Pitia faili la maandishi. Hata hapo, MariaDB za zamani zitagoma kwa kosa la kutoijua `utf8mb4_0900_ai_ci`, kanuni ya kupanga herufi ambayo MySQL 8 huiweka bila kuulizwa. Badilisha jina hilo ndani ya faili liwe `utf8mb4_unicode_ci`, kisha ujaribu utafutaji wa majina, kwa sababu kanuni mbili hazilinganishi herufi zote sawasawa.

PostgreSQL ina mtego wake. Ukiihamisha folda ya data kutoka Linux ya zamani kwenda mpya, kwa mfano kutoka CentOS 7, unavuka toleo la 2.28 la maktaba ya glibc, ambalo lilibadili mpangilio wa herufi. Faharasa, yaani orodha ambazo kanzidata hutumia kutafuta haraka, zilijengwa kwa mpangilio wa zamani na sasa zinasomwa kwa mpya. Dalili yake inatisha: unamtafuta mgonjwa kwa jina na hapatikani, ilhali ukipitia orodha nzima unamwona. Endesha `REINDEX DATABASE` kabla ya kuruhusu watu kuingiza data. Ukipitia `pg_dump` huwi na tatizo hilo, maana faharasa hujengwa upya.

Baada ya kurejesha, hesabu. Kwa InnoDB usitumie `table_rows` ya `information_schema`, hayo ni makadirio. Tumia `COUNT(*)` kwa kila jedwali, pande zote mbili. Kisha chukua jumla yenye maana kwa taasisi: kwa SACCO ni jumla ya salio la akiba, kwa kliniki idadi ya mahudhurio ya mwezi uliopita. Mhasibu au karani wa takwimu awepo aione namba hiyo, yeye ndiye anayejua kama ni ya kweli. Andika pia muda uliotumika tangu kuanza hadi namba kulingana. Kama ni saa 7, basi uongozi ujue kwamba siku ya ajali huduma itasimama saa 7 angalau.

Zoezi likiisha, ifute nakala ya majaribio. Ndani yake mna majina, namba za simu na madeni ya watu halisi, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinaihesabu kompyuta ya majaribio sawa na seva kuu. Rudia baada ya miezi mitatu, na safari hii zoezi lifanywe na mtu mwingine, akifuata maandishi ya yule wa kwanza bila kumpigia simu.