Diski haijafa, ruhusa ndizo zilizochomwa nayo

Wiki iliyopita kwaya moja ya hapa Moshi iliniletea DVD tatu za rekodi zake za zamani. Kijana ninayemfundisha kazi akaingiza ya kwanza, akaimaunti (akaiunganisha na mfumo wa faili) kwa `sudo mount /dev/sr0 /mnt` kwenye seva yetu ndogo ya Linux isiyo na desktopu. Majina ya faili yakaonekana yote. Kunakili sasa: `Permission denied`. Akapiga `sudo chmod -R 777`, amri ya kuwafungulia wote ruhusa zote, skrini ikajaa `Read-only file system` (mfumo wa kusomwa tu) mstari baada ya mstari.

"Kaka, hii diski imekufa."

Nikamwambia aandike `ls -l`. Kila faili ilikuwa `-rw-------`, yaani mwenyewe tu ndiye anayeisoma na kuiandika, na mahali pa jina la mwenyewe palikuwa na namba tupu, 1003. Aliyechoma diski alikuwa mtumiaji namba 1003 kwenye kompyuta yake. Kwetu namba hiyo haina mtu.

Mfumo wa ISO 9660, unaopanga faili kwenye diski kama hizi, wenyewe hauna habari na ruhusa za Unix. Zinaletwa na nyongeza iitwayo Rock Ridge, na zikishachomwa zimechomwa. `chmod` inataka kuandika kwenye diski, na hapo hapaandikiki, hata uwe root (msimamizi mkuu). Kinachobadilika ni jinsi kernel (kiini cha Linux) inavyokuonyesha ruhusa hizo, na hilo unaliamua wakati wa kumaunti.

Kijana akatoa diski, akairudisha na `-o ro,mode=0444,dmode=0555` (`mode` ni ruhusa za faili, `dmode` za folda). Hakuna kilichobadilika, wala mashine haikulalamika. Hapa ndipo wengi tunapopoteza jioni nzima: kwenye diski yenye Rock Ridge, `mode` na `dmode` hupuuzwa kimyakimya mpaka uongeze `overriderockperm`:

`sudo mount -o ro,overriderockperm,mode=0444,dmode=0555 /dev/sr0 /mnt`

Sifuri ya mbele usiisahau. Folda zinapewa 5 (kusoma, pamoja na x ya kuingia) kwa sababu bila x huingii ndani. Ukitaka faili ziwe zako, weka `uid=1000` (namba yako ya mtumiaji) au namba yoyote utakayoiona kwa `id -u`; hiyo hufanya kazi hata bila `overriderockperm`. Desktopu nyingi hukuwekea `uid` yako zenyewe, ndiyo maana diski hiyohiyo ingefunguka kwenye laptopu yangu bila mtu kushtuka.

Kweli, `sudo cp -r` ingetosha, maana root anasoma chochote. Lakini nakala zingekuwa mali ya root, na ukitumia `cp -a`, inayohifadhi mwenyewe wa asili, unahama na yule 1003 wako. Lazima umalizie na `chown`, amri ya kubadili mwenyewe.

DVD ya tatu ilichomwa kwenye Windows: Joliet tu (nyongeza ya Microsoft ya majina marefu), bila Rock Ridge. Hiyo ilifunguka mara moja, kila faili `r-xr-xr-x`, hata picha za wanakwaya zikaonekana kama programu za kuendeshwa. Kijana alicheka sana.

Za kwaya nimezichoma upya kutoka picha ya diski (ISO) niliyotengeneza kwa `genisoimage -r -J`. Hiyo `-r` ndogo huwapa wote ruhusa ya kusoma na kuweka mwenyewe kuwa 0, yaani root. `-R` kubwa ingewabebea namba yangu mimi.