Moyo wangu ni mgonjwa: nikae tu au nifanye mazoezi?

Mazoezi ya wastani ni yapi?
Kutembea kwa haraka, kuendesha baiskeli au kuogelea mpaka uheme, lakini bado uweze kuzungumza. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza kasi.

Moyo unaoumwa si unatakiwa kupumzishwa?
Hapana. Nawaona wagonjwa waliotoka hospitali wakakaa kitini miezi kadhaa, familia ikiwakataza hata kujichotea maji ya kunywa. Wanarudi miguu imelegea, ngazi chache tu pumzi zinakata, wakidhani ugonjwa umezidi. Mara nyingi kilichozidi ni kukaa. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana 5 wenye afya walilazwa kitandani wiki 3, na uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ukashuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ilionekana wiki zile 3 ziliwadhoofisha kuliko miaka yote 30 ya kuzeeka. Hao walikuwa wazima!

Hata kama moyo wangu unashindwa kusukuma damu vizuri?
Hata wewe, hali ikishatulia na daktari akikuruhusu. Utafiti uitwao HF-ACTION, uliotoa matokeo mwaka 2009, ulikuwa na wagonjwa 2,331 wa aina yako. Mazoezi yalikuwa salama. Sitawadanganya: faida yake katika kupunguza vifo na kulazwa ilikuwa ndogo. Kwa wenye mishipa ya moyo iliyoziba ushahidi una nguvu zaidi: wanaofanya mazoezi ya kuurejesha mwili hupata mishtuko michache ya moyo na hulazwa mara chache. Kwa hiyo narudia, kukaa tu si tiba.

Kiasi gani?
Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa 2020 unasema angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Anza na dakika chache, uongeze taratibu. Michezo ya mashindano ni jambo jingine: upimwe kwanza, moyo ukiangaliwa wakati unafanya mazoezi.

Kifua kikibana katikati ya mazoezi?
Simama papo hapo. Kisipoachia ndani ya dakika chache, ita msaada wa dharura. Usisubiri asubuhi, tafadhali. "Nilidhani ni gesi" nimeisikia mara nyingi mno, tena kutoka kwa watu waliochelewa.

Mama anataka kutembea, sisi tunamkataza. Tunakosea?
Ndiyo, ikiwa daktari wake amemruhusu. Wiki za mwanzo mmoja wenu atembee naye, abebe simu.