Kuacha Kidonge cha Usingizi: Yanayosemwa Bukavu na Yaliyo Kweli

Kwa miaka kadhaa nimesimama nyuma ya meza ya duka la dawa hapa Bukavu, na ombi ninalolisikia zaidi ikifika jioni si la homa wala la kikohozi, bali ni la kidonge cha kulala. Wengine walikianza baada ya msiba, wengine baada ya upasuaji, na wengi tangu usiku ule wa milio ya risasi wa Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23. Karibu wote huiita dawa hiyo Valium, jina la kibiashara la diazepamu, hata pale ambapo kopo limeandikwa diazepamu na limetoka katika kiwanda kingine kabisa. Sina la kuwalaumu kwa kuanza, maana wengi walikuwa na sababu, na wengi waliandikiwa na daktari. Kinachonitia hofu ni namna wanavyoacha: ghafla, kimyakimya, kwa shauri la jirani. Maneno yafuatayo nayasikia mara kwa mara, na majibu yangu hapa ni marefu kuliko yale ambayo foleni huniruhusu kuyatoa.

«Hii ni dawa ya daktari, haiwezi kunifunga.»

Diazepamu, lorazepamu, alprazolamu na klonazepamu ni za ukoo mmoja uitwao benzodiazepini. Ya kwanza katika ukoo huo iliingia sokoni mwaka 1960, diazepamu ikafuata mwaka 1963, na kwa muda mrefu madaktari wengi waliamini kwamba hazina madhara ya kuogopesha. Leo inajulikana kwamba mwili unaweza kuzizoea hata kwa kipimo kilekile kilichoandikwa na daktari, tena ndani ya wiki chache tu, na ndiyo sababu miongozo ya Uingereza hutaka zisitumike kwa zaidi ya wiki 2 hadi 4. Mwezi Septemba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo lake kali kuliko yote liwekwe kwenye maelezo ya dawa zote za ukoo huu, likitaja waziwazi hatari ya mwili kuzoea na hatari ya kuacha ghafla.

Kuzoea huko kusichanganywe na ulevi. Mtu ambaye mwili wake umezoea kidonge hakitafuti kwa starehe, haongezi kipimo kwa siri wala hauzi sufuria za nyumbani ili akipate. Ubongo wake umejipanga upya kuizunguka dawa hiyo, basi. Nalisisitiza hili kwa sababu aibu ya kuitwa mlevi ndiyo inayowafanya wengi waache peke yao usiku mmoja bila kumwambia yeyote.

«Mwanaume akiamua, anaacha leo leo.»

Hii ndiyo dhana inayoweza kuua. Ubongo una kemikali iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kutuliza chembe za fahamu zisichangamke kupita kiasi, na benzodiazepini huiongezea nguvu kemikali hiyo. Kidonge kikija kila usiku kwa miezi, ubongo hupunguza usikivu wake kwa GABA, kwa kuwa msaada wa kutosha unatoka nje. Siku msaada ule unapoondolewa kwa mkupuo, mtu anabaki kama gari lenye breki iliyolegea kwenye mteremko wa Kadutu hapa mjini: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, usingizi unakimbia kabisa, na kwa baadhi ya watu hufuata kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwapo, na degedege. Degedege hiyo inaweza kumpata mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa maishani mwake, na inaweza kumuua. Utashi hauna kazi hapo, kwani chembe za ubongo hazijirekebishi kwa amri ya mwenyewe, awe jasiri asiwe jasiri.

Kinachoumiza ni kasi. Dawa ileile, mtu yuleyule, akishusha kipimo kidogo kidogo kwa miezi, ubongo hupata muda wa kurudisha breki zake hatua kwa hatua, na hatari ya degedege hupungua sana.

«Siku ya nne sasa na sijaona kitu, basi nimepona.»

Jibu linategemea jina lililo kwenye kopo. Mwili huchukua takriban saa 10 hadi 20 kuondoa nusu ya lorazepamu, na kwa hiyo aliyeiacha ghafla huanza kuteseka siku ya kwanza au ya pili. Diazepamu hukaa zaidi, na mwilini hugeuka kuwa kemikali nyingine ambayo nayo hufanya kazi na huweza kuchukua siku kadhaa kabla ya kufikia nusu. Aliyeacha diazepamu anaweza kulala vizuri kwa siku tatu au nne, akawasifia jamaa zake ushindi, kisha dalili zikamkuta wiki moja baadaye akiwa njiani kwenda Uvira, mahali ambapo hakuna anayejua alikuwa akimeza nini.

Ukaaji huo mrefu wa diazepamu ndio unaowafanya madaktari wengi waitumie kama ngazi ya kushukia: mgonjwa aliyezoea dawa ya muda mfupi hubadilishiwa polepole hadi diazepamu ya nguvu inayolingana, ndipo kushuka kuanze. Kulinganisha nguvu za dawa hizi si kazi ya kukisia, kwa maana miligramu 1 tu ya lorazepamu huhesabiwa kuwa sawa na takriban miligramu 10 za diazepamu, na nimeona mtu akizibadilisha kidonge kwa kidonge kwa kuwa vilifanana rangi.

«Nilijaribu kupunguza, ugonjwa wangu ukarudi. Nitakimeza hadi kufa.»

Wakati mwingine ni kweli ugonjwa umerudi. Mara nyingi zaidi, kwa ninavyoona mimi, mtu alishuka haraka mno na sasa anasoma dalili za kuacha kama dalili za ugonjwa wa zamani. Kutofautisha ni kugumu, kwa kuwa wasiwasi na kukosa usingizi vimo katika pande zote mbili, lakini kuna alama. Wasiwasi wa zamani, kama umerudi, kwa kawaida hurudi taratibu na kwa sura yake ileile; dalili za kuacha huja siku chache baada ya kipimo kupunguzwa, na huja na wageni ambao mtu hakuwa nao: masikio kulia, mwanga kuumiza macho, ngozi kutambaliwa kama na sisimizi, ladha ya chuma mdomoni, misuli kurukaruka. Pia hupanda na kushuka kama mawimbi, leo nafuu na kesho vibaya, bila sababu inayoonekana. Wapo wanaofikia hitimisho kwamba wamerogwa, na kusema kweli anayesikia ngozi yake ikitambaa usiku kucha huku daktari hajamweleza lolote siwezi kumcheka.

Dawa ya hali hiyo si kurudi kwenye kipimo cha juu kwa hofu wala kusonga mbele kwa ukaidi. Mtu husimama pale alipo, wiki mbili, nne au zaidi, mpaka mwili utulie, kisha hatua inayofuata inakuwa ndogo zaidi. Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa hizi huko Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1994, alisisitiza kwamba mwenye mwili ndiye anayepaswa kuamua mwendo.

«Robo ya kidonge kila wiki mbili, mpaka kiishe.»

Hili lina akili ndani yake, na kwa sababu hiyo kosa lake halionekani upesi. Mwongozo uliotolewa mwaka 2025 na vyama vya tiba vya Marekani unashauri kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya kipimo kila wiki 2 hadi 4, na kutovuka asilimia 25 katika wiki 2. Neno la kuzingatia ni asilimia. Mama mmoja anayeuza samaki wadogo wa sambaza huko Kadutu alikuwa akimeza vidonge viwili vya diazepamu vya miligramu 5 kila usiku, yaani miligramu 10. Robo ya kidonge ni miligramu 1.25, na ukiitoa katika 10 umepunguza moja ya nane, hatua ambayo watu wengi huivumilia. Alishuka hivyo vizuri, wiki mbili kwa wiki mbili, hadi miligramu 2.5. Hapo robo ileile ikawa nusu nzima ya kipimo chake, na robo ya mwisho ingekuwa kipimo chote. Alikuja kwangu akisema kwamba shetani amemvizia mlangoni pa nyumba, wakati kwa hesabu hatua zake zilikuwa zimekua bila yeye kujua.

Muuguzi aliyekuwa akimfuatilia alimrudisha kwenye kipimo cha mwisho alichokivumilia, akampatia vidonge vya miligramu 2, ambavyo nusu yake ni miligramu 1 na robo yake ni nusu miligramu. Kutoka hapo safari ilichukua miezi mitano, mirefu kuliko ile yote aliyokwisha kuitembea, na ndivyo inavyokuwa kwa wengi: mwisho ndio unaotaka subira. Alikuwa na kalenda ya ukutani na kalamu; kila usiku aliandika kipimo na saa alizolala. Wembe mpya au kikatio cha vidonge kinatosha kwa kazi hiyo, ila kidonge kiwe cha kawaida, kwa maana vile vinavyotengenezwa viachilie dawa polepole havivunjwi kamwe. Ukivivunja, dawa ya siku nzima inaingia kwa mara moja.

«Leo nameza, kesho naruka.»

Kuruka siku si kupunguza. Kwa dawa ya muda mfupi ni kuacha ghafla kila siku ya pili, ubongo ukivutwa huku na huku. Kipimo cha kila siku kiwe kimoja, saa ileile.

«Lotoko kidogo italeta usingizi.»

Pombe hugusa mfumo uleule wa GABA, na ndiyo maana inaonekana kusaidia usiku wa kwanza. Anayejaza pengo la kidonge kwa lotoko, kasiksi au bia anabadilisha mnyororo tu, na kuacha pombe ghafla nako huleta degedege. Zikikutana tumboni, pombe na benzodiazepini hudhoofisha pumzi, na mtu anaweza kulala asiamke.

Hatari hiyohiyo iko kwenye tramadoli, ambayo vijana wengi huitafuta ili wabebe mizigo bila kuchoka. Ni dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, na juu ya hayo hugusa kemikali nyingine za ubongo. Kwa hiyo kuiacha ghafla huleta maumivu ya mwili, kuhara, makamasi na jasho, na kwa baadhi ya watu hofu kuu na kuona visivyokuwapo. Ikizidi kipimo huleta degedege yenyewe. Nayo hushukwa kwa hatua, na kuna jambo moja ambalo kila aliyeiacha anapaswa kulijua: baada ya majuma machache bila dawa, mwili umesahau uvumilivu wake, na kurudia kipimo cha zamani kunaweza kuzima pumzi.

«Tumeombea, mtoto hajaanguka miezi sita, tumeacha dawa.»

Hapa naondoka kidogo kwenye usingizi, kwa sababu fenobabitali inayotolewa kwa kifafa ni jirani wa karibu wa dawa hizi, na nimeliona kosa hili mara nyingi kupita kiasi. Mtoto haanguki kwa sababu anameza dawa. Ikikatwa ghafla, anaweza kupata degedege moja juu ya nyingine bila kurudiwa na fahamu, hali inayoua au kuharibu ubongo. Kwa kawaida daktari hufikiria kuiondoa pale mgonjwa anapofikisha angalau miaka 2 bila kuanguka, na huiondoa kwa miezi. Familia iombe; nami husali. Wachungaji kadhaa ninaowafahamu wameanza kuwaambia waumini wao waendelee kumeza huku wakiomba, na nawashukuru kwa hilo.

«Nimepata mimba, nimetupa vidonge vyote chooni.»

Huko nako ni kuacha ghafla, na degedege ya mama ni hatari kwake na kwa mtoto aliye tumboni. Mjamzito aende kliniki siku hiyohiyo, aseme anachomeza na kiasi chake, apangiwe mwendo wa kushuka. Na wakunga wajulishwe mapema, kwa sababu mtoto mchanga anaweza kuzaliwa mlegevu, mgumu wa kunyonya, au mwenye kutetemeka, na huhitaji kuangaliwa.

Kwa anayetaka kuanza, mahali pa kuanzia ni kwa yule aliyemwandikia dawa, au katika kituo cha afya cha mtaa, ambako atapewa barua ya rufaa ikihitajika. Bukavu ina kituo cha magonjwa ya akili cha SOSAME, na kwenda huko si tangazo la wazimu. Kabla ya kukata hata robo ya kwanza, mtu ahakikishe na muuza dawa wake kwamba vidonge vya miezi inayofuata vitapatikana, kwa kuwa barabara au mpaka vikifungwa, mpango mzuri hugeuka kuwa kuacha ghafla. Anayevuka Ruzizi kwenda Rwanda na vidonge hivi abebe karatasi ya daktari pamoja na kopo lenye jina lake, kwani diazepamu imo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa zinazogusa akili. Mtu mmoja nyumbani ajue mpango huo wote. Akiona degedege, kuchanganyikiwa, mgonjwa akiongea na watu wasiokuwapo, au akisema anataka kufa, asingoje asubuhi: ampeleke hospitali usiku huohuo, na achukue makopo yote ya dawa aende nayo.