Utafiti wa mtoni kwa boti la mpira: yanayoaminika na yaliyo kweli katika mito ya Dodoma

"Dodoma ni kukavu. Boti la nini?"

Hili ndilo swali linalotangulia, na lina chembe ya ukweli. Dodoma hupata wastani wa milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki makorongo mengi ni mchanga mtupu. Ila korongo la Septemba halikuambii lolote kuhusu korongo hilohilo mwezi Februari. Mto Kinyasungwe ni mmoja wa mito iliyofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, reli ya kati ikaharibiwa vibaya kati ya Gulwe na Kilosa. Bubu unashuka kutoka upande wa Kondoa na kuishia katika tambarare za Bahi, haufiki baharini. Kusini kabisa, mpakani na Iringa, Kizigo na Ruaha Mkuu inamwaga maji yake katika bwawa la Mtera.

Kwa hiyo mito ipo. Kigumu ni kuupata wakati wake. Katika kilele cha mafuriko boti halifai: maji yamebeba magogo na miti mizima. Kiangazi nacho hakifai, kwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hata Ruaha Mkuu hukoma kutiririka kwa wiki kadhaa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hasa kwa sababu ya maji yanayochukuliwa huko juu Usangu. Dirisha zuri ni maji yanapoanza kushuka, kwa kawaida Aprili hadi Juni. Boti la mpira lililopakiwa huzama sentimita 20 hadi 30 tu, halina pangaboi la kukwama mchangani wala kutibua tope linalotakiwa kupimwa, na linafika kwenye kingo zisizo na barabara. Hayo ndiyo yanayolipa nafasi katika utafiti.

"Ni utalii wenye daftari"

Mwaka 1938 wataalamu wawili wa mimea, Elzada Clover na Lois Jotter, walishuka mto Colorado nchini Marekani kwa boti kupitia Grand Canyon, wakikusanya na kuorodhesha mimea ya bonde ambalo wakati huo lilikuwa halijachunguzwa kibotania kwa namna hiyo. Magazeti yaliandika zaidi juu ya wanawake kuthubutu maji yale kuliko juu ya mimea yao, lakini mimea ndiyo iliyobaki na thamani. Mwaka 1996, katika mto huohuo, bwawa la Glen Canyon lilifunguliwa kwa makusudi kwa siku saba, mita za ujazo zipatazo 1,270 kwa sekunde, ili watafiti waone kama mafuriko ya kutengenezwa yanaweza kurudisha fukwe za mchanga zilizoliwa.

Siku ya kazi mtoni ni kusimama kuliko kwenda. Kundi la watalii linaweza kumaliza kilomita 25 kwa siku, lakini watafiti wenye vituo vitano vya kupima wakivuka kilomita 10 wamefanya vizuri. Anayepanga safari kwa mwendo wa watalii hujikuta anaruka vituo siku ya tatu, na kituo kilichorukwa hakirudiwi, maana mto haupandwi kwa kasia.

"Kupima maji ya mto ni kutupa kijiti na kutazama saa"

Kijiti kinafaa kama makadirio, tena chungwa ni bora zaidi kwa sababu sehemu kubwa yake huzama na upepo haulisukumi. Chagua kipande kilichonyooka cha mita 20 au zaidi, litupe juu kidogo ya mstari wa kuanzia, rudia kushoto, katikati na kulia, kisha zidisha kasi uliyoipata kwa 0.85. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika. Maji ya juu hukimbia kuliko yaliyo karibu na sakafu, hivyo asiyezidisha anaupa mto maji usio nayo.

Kipimo cha kuaminika hufuata njia nyingine. Kamba hufungwa kukatisha mto, boti likashikiliwa nayo, na upana ukagawanywa vipande 20 hadi 25, kusiwe na kipande kinachobeba zaidi ya asilimia 10 ya maji yote. Katika kila kituo unapima kina, kisha kasi: kwenye maji ya chini ya sentimita 75 pima mara moja, kwenye asilimia 60 ya kina kutoka juu. Penye kina zaidi pima mara mbili, asilimia 20 na asilimia 80, uchukue wastani. Kila usomaji uchukue sekunde 40 au zaidi, kwa kuwa maji hayaendi kwa mwendo mmoja hata kwa sekunde kumi. Jumla ni kama saa nzima, na kwa saa hiyo kina cha mto wetu kinaweza kuwa kimebadilika. Ndiyo maana ubao wa kina husomwa mwanzo na mwisho, na tofauti ikiandikwa hata ikiwa sentimita mbili.

Siku hizi kuna vipimo vya sauti vinavyofungwa ubavuni mwa boti: vinatuma mlio majini, mlio unarudi kutoka kwa chembechembe zinazoelea, na mabadiliko ya mlio yanatoa kasi. Wengi huamini kwamba kifaa hiki kimemaliza kazi. Kwenye mto wa mchanga hakijamaliza, na hapa ndipo takwimu huharibika. Kifaa kinajua kimesafiri kiasi gani kwa kuitazama sakafu ya mto, kikichukulia kwamba sakafu imetulia. Mchanga wa sakafu ukiwa unatambaa kwenda chini, kifaa kinadhani boti linapanda mto, kinatoa hesabu hiyo kwenye kasi ya maji, na jibu linatoka dogo kuliko ukweli. Hakuna kengele inayolia. Dawa ni kulishikilia boti mahali pamoja kwa dakika tano au zaidi kabla ya kuanza. Kifaa kikionyesha kwamba limepanda mto ilhali kamba haijalegea, sakafu inatembea, na itabidi kutumia jipiesi badala ya sakafu. Kisha vuka mto mara nne au zaidi, kwenda na kurudi idadi sawa, boti likienda polepole kuliko maji.

Hata jibu likiwa sahihi, usilitumie milele. Uhusiano kati ya kina na wingi wa maji kwenye korongo la mchanga huhama kila baada ya mafuriko makubwa, kwa sababu sakafu yenyewe imechimbwa au imejazwa. Jedwali la msimu uliopita linaweza kudanganya msimu huu.

"Sampuli ni maji kwenye chupa"

Sampuli ni maji yaliyobaki vile yalivyokuwa mtoni, na kuyabakiza hivyo ndiko kazi iliko. Joto, pH na oksijeni iliyoyeyuka havisafirishwi, hupimwa palepale. Kipimo cha oksijeni kirekebishwe kwa mwinuko wa mahali: usawa wa bahari, maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hubeba miligramu 8.3 hivi kwa lita, lakini Mtera, iliyo karibu mita 700 juu ya bahari, ni kama 7.6. Saa nayo iandikwe, kwani oksijeni huwa chini kabisa kabla ya mapambazuko na juu kabisa alasiri. Vipimo viwili vya saa tofauti havilinganishwi.

Chupa ya kemikali husuuzwa mara tatu kwa maji ya mto huohuo, mdomo ukielekea maji yanakotoka, juu ya boti na si chini yake. Chupa ya bakteria haisuuzwi kabisa kwa kuwa tayari imetakaswa. Huenda moja kwa moja kwenye deli lenye barafu na inatakiwa maabara ndani ya saa 6, kwa shida sana 24. Kutoka Mtera hadi Dodoma mjini ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo sampuli za bakteria zichukuliwe mwishoni, gari likiwa limeshafika pa kupokelea.

Kosa kubwa kuliko yote liko kwenye sampuli za udongo. Ukichota juu tu unapata tope laini, na mchanga unaotembea karibu na sakafu unaukosa. Kwa bwawa kama Mtera, ambalo uhai wake hupunguzwa na udongo unaolijaza, kuukosa mchanga ni kukosa jibu lenyewe. Chombo sahihi hushushwa hadi sakafuni na kupandishwa kwa mwendo usiobadilika, na kitolewe chupa ikiwa haijajaa pomoni. Ikijaa, maji hayaingii tena ila mchanga unaendelea kuzama ndani, na hapo kosa linageukia upande wa pili.

"Jiwe ndilo adui wa boti"

Adui wa kwanza ni jua. Boti lililojazwa asubuhi kwenye nyuzi 25 kwa shinikizo la pauni 2 kwa inchi ya mraba hufika karibu 3 likianikwa ufukweni hadi hewa ya ndani ifike nyuzi 45. Mishono huachia kwa namna hiyo, kimyakimya, watu wakiwa wanakula. Likivutwa nchi kavu, punguza hewa. Likirudi majini na kupoa, ongeza, kwa kuwa boti legevu hujikunja katikati penye maji ya kasi. Adui wa pili, ndani ya Mtera, ni visiki vya miti iliyozamishwa na bwawa. Maji hupanda na kushuka kati ya mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari, hivyo kisiki kilichoonekana mwaka jana mwaka huu kinaweza kuwa kimefichwa sentimita 10 tu. Fanya kazi ya bwawani asubuhi, maana upepo wa mchana huinua mawimbi yanayoficha kila kitu.

Kiraka cha haraka huanza kubanduka siku ya pili. Kausha, kwangua kwa msasa, futa kwa kiyeyusho, paka gundi pande zote mbili mara mbili na kila mara uache ikauke mpaka inate kidogo, kisha bandika kivulini. Kiraka kizidi tundu kwa sentimita 5 kila upande na kipumzike saa 24. Gundi iendane na kitambaa cha boti: ya plastiki ya PVC haishiki Hypalon, ambayo ni aina ya mpira.

"Viboko hukimbia ukipiga kelele"

Wanakimbilia kwenye kina, na hilo ndilo la kujua. Kiboko aliye ufukweni akishtuka hutafuta maji marefu kwa njia fupi kuliko zote, na boti likiwa njiani atalipita. Waachie kina na upite upande wa maji mafupi, ukigonga ubavu wa boti polepole kutoka mbali ili wajue ulipo. Kundi likiziba mkondo wote, subirini, au shusheni mzigo na mlibebe boti nchi kavu. Boti la mita 4 na ushei ni kilo 60 hadi 70, watu wanne wanaliweza. Ndani ya hifadhi askari wa wanyamapori awemo, na neno lake liwe la mwisho.

Viboko wenyewe ni sehemu ya utafiti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 kuhusu Ruaha Mkuu yalionyesha kwamba mto ukikoma kutiririka, kinyesi chao hurundikana madimbwini, oksijeni hushuka na samaki hupungua. Mto ukitembea, kinyesi hichohicho husambaa na kuwa rutuba. Lawama kwa kiboko hapo hazina msingi. Kilichokosekana ni maji.

"Maji yanayotembea hayana kichocho"

Katikati ya mkondo wa kasi hatari ni ndogo, lakini hakuna anayeshuka botini katikati ya mkondo. Unashukia pembeni, penye majani na maji yaliyotulia, na konokono wanaobeba kichocho wanaishi hapohapo. Vijidudu vyao hutoka kwa wingi mchana jua likiwa kali. Vaa buti ndefu za mpira na uchote kwa chombo chenye mpini badala ya kuingia majini, kinga inayofaa kwa mamba pia. Kumeza prazikwanteli siku ya kurudi nyumbani si suluhisho: dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, michanga huipita. Kapime baada ya wiki sita hadi nane, umweleze daktari ulikuwa wapi.

"Mimi naogelea, jaketi okozi la nini?"

Kwa sababu anayeangukia maji ya kasi mara nyingi amegonga kichwa au amepoteza pumzi kabla ya kuogelea. Jaketi lifungwe mikanda yote. Ukianguka, lala chali, miguu mbele, usijaribu kusimama penye maji yanayopita magoti, kwani mguu ukinasa kwenye jiwe mkondo unakulaza kifudifudi. Mti ulioanguka mtoni ndio pekee unaobadili kanuni: geuka, uogelee kwa nguvu kuuelekea na upande juu yake, usivutwe chini ya matawi.

"Barua ya chuo inatosha"

Mkoa wa Dodoma umeingia mabonde matatu ya maji: Rufiji, ofisi yake Iringa, Wami/Ruvu, Morogoro, na Bonde la Kati, Singida. Timu inayotaka kulinganisha Bubu na Kizigo ina ofisi mbili za kubisha hodi kabla ya kushusha boti, na ofisi hizo ndizo zenye kumbukumbu za miaka ya kina cha mto ambazo utazihitaji. Watafiti kutoka nje wanahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na utafiti wa wanyamapori hupitia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI). Baada ya hapo kuna mkoa, wilaya na serikali ya kijiji. Kwa mwenyekiti wa kijiji usiende na barua tu, nenda na swali. Wavuvi wa Mtera wanajua kisiki kiko wapi, viboko wamehamia dimbwi gani na maji yalifika mti upi mwaka wa mvua kubwa. Wakikuonyesha alama hiyo kwenye mti, ipime urefu na kuiandika siku hiyohiyo, maana mti wenyewe unaweza kukatwa kuni.