Ukungu wa Milima ya Taita na Maji ya Wakulima

Kaunti ya Taita Taveta ina takriban kilomita za mraba 17,000, lakini anayetafuta humo ardhi ya kulima hukuta eneo kubwa limeshagawiwa. Takriban asilimia 62 ya eneo lote imo ndani ya mbuga za kitaifa za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizoanzishwa mwaka 1948, na sehemu kubwa ya nyanda kavu zilizobaki ni ranchi za mifugo na mashamba ya mkonge. Taveta ina bahati yake, kwa kuwa maji ya Mto Lumi hutoka upande wa Kilimanjaro. Wakulima wengine wengi hutegemea vilima.

Vilima hivyo, yaani Dawida, Sagalla, Mbololo na Kasigau, hukinga pepo zenye unyevu zinazotoka Bahari ya Hindi. Pepo zinapopanda miteremko hupoa na kuwa ukungu, nao ukungu ukipita katikati ya miti ya asili hunaswa na majani, na mimea midogo iliyoota juu ya magome, ukadondoka tone kwa tone juu ya majani makavu yaliyorundikana chini kwa miaka mingi. Maji hayo huzama polepole, kisha huibuka mabondeni kama chemchemi hata mvua ikiwa imekoma. Kabichi na nyanya za Wundanyi zinazouzwa Mombasa hunyweshwa kwa maji ya namna hiyo.

Msitu wenyewe umebaki vipande vipande. Ngangao una takriban hekta 120 tu, na katika mabaki kama hayo ndimo anamoishi ndege mwenye mdomo wa rangi ya chungwa asiyepatikana popote pengine duniani. Mikaratusi na misonobari iliyopandwa karne iliyopita inatupatia mbao na kuni, wala siidharau, ila mkaratusi ulio kando ya chemchemi hunywa maji mengi mno.

Kwa hiyo tunawasihi wenye mashamba yanayopakana na chemchemi wapande mikuyu na miti mingine ya asili, na kwenye miteremko wachimbe matuta yenye nyasi za nepia kingoni. Mikaratusi iliyopo ipunguzwe kidogo kidogo, huku miche ya asili ikikua chini yake, kwa maana mteremko uliofyekwa wote kwa pamoja huweza kupoteza udongo wake wa juu katika msimu mmoja wa vuli.