Kisiwa kidogo, na maji yake yanayoelea

Mgeni akishuka kwenye kisiwa kidogo cha mchanga na matumbawe, kisicho na mto wala kijito, huulizia ufukwe. Mimi kazi yangu ni maji ya ardhini, kwa hiyo nauliza kisima kiko wapi. Nikiambiwa kiko katikati ya kisiwa, nashukuru. Nikiambiwa kiko hatua ishirini kutoka pwani, naanza kuoga kwa kopo siku hiyohiyo.

Wengi hudhani maji yale yametuama juu ya mwamba. Sivyo, yanaelea juu ya bahari. Maji ya bahari hupenya chini ya kisiwa kutoka pande zote; mvua nayo hunywea mchangani mpaka ikutane nayo. Lita ya maji matamu ina uzito wa kilo 1, ya bahari takriban 1.025, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoyabeba yale matamu. Hukaa kama punje ya dengu: nene katikati, nyembamba ukingoni.

Mholanzi Badon Ghijben mwishoni mwa karne ya 19, na Mjerumani Herzberg mwaka 1901, walifikia hesabu ileile: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita 40 hivi chini ya usawa huo. Inapendeza mpaka uigeuze. Shusha maji ya kisima kwa sentimita 5 tu, na baada ya muda chumvi itataka kupanda mita 2. Pampu ikivuta kwa nguvu mahali pamoja, maji ya bahari huinuka chini yake mfano wa kichuguu, na kurudi kwake chini kunaweza kuchukua miezi, hata miaka. Ndiyo maana kule Bonriki, kwenye kisiwa cha Tarawa nchini Kiribati, mabomba yamelazwa chini ya ardhi ili yavute kidogo kidogo kwenye eneo pana. Kuchimba kisima kirefu zaidi hapa ni kuifuata chumvi.

Somo hili nililipata kwa bibi mmoja aliyenikuta nikiizamisha ndoo hadi chini kabisa kisimani. "Mwanangu, unakoroga nini? Teka juu juu." Nilikuwa na pimio la chumvi mkobani. Nilipima juu ya maji, nikalishusha taratibu. Namba ikapanda, ikapanda. Nikalirudisha mkobani, nikateka juu juu.

Usishtuke ukiona kisima kimepungua asubuhi na kuongezeka mchana. Hufuata kujaa na kupwa kwa bahari, ila kwa kuchelewa. Sabuni nayo hukataa kutoa povu kwa sababu ya chokaa ya matumbawe, si kwa sababu ya chumvi peke yake.

Ya kunywa, afadhali ya mvua. Ya kisimani yachemshe, kwa kuwa mashimo ya vyoo yako kwenye mchanga uleule na maji yako mita moja au mbili tu chini ya nyayo. Kuchemsha huua vijidudu. Chumvi haiendi popote.

Kinachoniudhi kuliko bafu refu ni tangi la choo linalovuja usiku kucha. Kisiwa kikitulia utalisikia likichuruzika. Mwambie mwenyeji wako kukicha, kabla pampu haijawashwa.